Chupa ya Arobaini

"Majivu ya mwanangu bado hayajapoa huko mtoni," alisema Nanichhori, "nanyi mnataka niwaoshee chupa?"

"Ndiyo, Mama. Kama ulivyoosha siku ile. Usiruke hatua hata moja."

"Polisi mmekosa kazi."

"Tumekosa jibu," alisema Inspekta Bekhalal Dangol.

Mama huyo alimkazia macho. Akamtazama na Konstebo Sabina Rai, aliyesimama kando ya kisima na sanduku la vielelezo miguuni, kisha akapandisha pindo la nguo yake na kulifunga kiunoni. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Katika mtaa wa Gachhen, na kilima kizima cha Kirtipur, hapakuwa na mkono uliosifiwa kwa pombe ya mchele kama wake. Sasa majirani walipita mbele ya mlango wake wakitazama upande wa pili.

Siku kumi na nne zilikuwa zimepita tangu karamu. Hiralal, mwanawe wa pekee, alirudi kutoka Katari baada ya miaka sita ya kuchomelea vyuma, na mama yake akaalika ukoo wote. Watu thelathini walikaa mikekani wakinywa pombe ileile ya pipa lilelile. Hiralal alikunywa bakuli moja, akalalamika kifua, akaanguka kabla sahani ya samaki haijamfikia. Wengine wote walirudi makwao wazima. Polisi walikusanya kila chupa iliyokuwamo ndani ya nyumba, arobaini, zenye pombe na tupu, wakazipa namba. Maabara ikakuta sumu katika namba kumi na saba peke yake: sianidi, ile ambayo mafundi wa dhahabu huitumia kupaka vyombo dhahabu.

Aliyebeba chupa hiyo hadi kwenye mkeka wa Hiralal na kummiminia ni Sarmila, mkewe. Na kaka yake Sarmila alikuwa mng'arishaji vyombo katika karakana ya dhahabu huko Patan. Kwa mkuu wa kituo hesabu hiyo ilikuwa imekwisha. Sarmila alikuwa na siku ya kumi na mbili mahabusu, na leo saa kumi alasiri jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka. Kosa lilikuwa kuua kwa kukusudia. Adhabu yake kila mtu anaijua.

Simu ya Dangol ililia. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Uko wapi?" aliuliza mkuu wake.

"Gachhen, mkuu. Naoshewa chupa."

"Unaoshewa nini?"

"Chupa."

"Dangol, mke alimimina. Kaka wa mke anafanya kazi na sumu hiyohiyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Unataka nini zaidi?"

"Maabara wanasema chini ya chupa kulikuwa na ukoko, mkuu. Umekauka tabaka juu ya tabaka. Mtu anayetaka kumwua mumewe hatii sumu kwenye chupa, akasubiri ikauke miezi, ndipo ajaze pombe."

"Sumu ni sumu. Saa kumi." Simu ikakatwa.

Nanichhori alikuwa amekwisha kujaza sufuria maji ya vuguvugu na kulaza ndani yake chupa saba za kahawia walizokuja nazo polisi, zile za bia ambazo kila nyumba huzinunua tena kwa muuza vyuma chakavu.

"Kwanza zinalowa," alisema. "Mpaka karatasi ya kiwandani ibanduke yenyewe. Ukiikwangua kwa kisu unaacha gundi, na gundi inashika uchafu. Andika, binti. Au hujui kuandika?"

"Naandika, Bibi," alisema Sabina Rai. "Sisi kwetu milimani tunakunywa kwenye chombo cha mwanzi, kwa mrija. Hatuna shida ya chupa."

"Ndiyo maana pombe yenu inanuka mwanzi."

Sabina alicheka, na kwa nukta moja hata kizee alikuwa karibu kucheka. Kisha akakumbuka, uso ukarudi ulipokuwa.

Alileta majivu ndani ya kitambaa, akayachekecha. Yawe majivu ya kuni, alisema, si ya mkaa, na si ya karatasi hata kidogo. Akatia konzi moja ndani ya chupa, akaongeza makapi ya mpunga na maji kidogo, akaziba mdomo kwa kiganja na kuitikisa karibu na sikio. "Ikilia hivi, bado chafu. Ikisafika sauti inakuwa nyembamba. Sikiliza." Dangol alisikiliza, hakusikia tofauti yoyote. Kizee akapitisha kijiti cha mwanzi chenye kishada cha majani makavu ya mpunga, akakizungusha mpaka chini kabisa, akakivuta, akakinusa. Kisha maji ya kisima, mara tatu.

"Kwa nini tatu?"

"Ya kwanza ni ya uchafu. Ya pili ni ya pombe ya watu wengine. Ya tatu ni ya midomo." Aliyamimina yale ya tatu kiganjani, akayaonja kwa ncha ya ulimi. "Chupa ya kununua hujui nani aliitia kinywani. Mlevi, mgonjwa, mchinja nyati. Mdomo wa mtu ni najisi, Inspekta. Mama yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha."

"Basi unauliza nini? Uchafu unatoka hata kwa maji ya mvua. Najisi ya mdomo ndiyo inayotaka majivu."

Alipomaliza sita alizipanga kifudifudi kwenye fremu ya mianzi, juani. Adhuhuri, alisema, angezipitishia moshi wa pakanga, moja moja, na hapo tu ndipo pombe ingeingia. Miaka hamsini alikuwa akifanya hivyo, na hakuna mtu aliyewahi kuumwa hata tumbo kwa pombe yake. Aliyasema haya akimtazama Sabina, kwa sauti kubwa, kama anayetaka ua mzima usikie.

"Na Sarmila?" aliuliza Dangol. "Naye aliosha hivi?"

Mama alitema mate pembeni.

"Yule! Alinunua poda nyeupe dukani, ile ya kumwaga vyooni. Alionyeshwa kwenye simu na mzungu mwenye ndevu. Kijiko kimoja kwa ndoo, akizilaza humo, akikaa kitako anachezea kucha. Nikamwambia, mwanamke, hizo chupa za karamu ya mumeo, au unasafisha choo? Akanijibu, Mama, majivu hayaui vijidudu. Mimi! Ananifundisha mimi kuosha chupa! Tukagawana. Nikamwambia osha zako, nami nitaosha zangu, tuone watu watasifu zipi."

"Lakini, Bibi, ile poda kweli inaua vijidudu," alisema Sabina.

"Ilimwua mwanangu."

"Si poda iliyomwua, Mama," alisema Dangol. "Tumeshapima."

"Basi ni mkono ulioshika poda. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yeye analia huko kwenu kwa macho, mimi nalia kwa tumbo."

Jana yake Dangol alikuwa amekaa na Sarmila kwenye benchi la mahabusu. Yule mwanamke hakulia kabisa. Alirudia maelezo yaleyale kwa mara ya tano, kwamba alipewa chupa na mama mkwe, akaipeleka, akamimina. Alipoulizwa kwa nini mama mkwe anamshuku alisema tu, "Ananipenda kama chawa," kisha akaomba ahakikishiwe kwamba binti yao wa miaka tisa yuko kwa mjomba wake na anakwenda shule.

"Ulikuwa na chupa ngapi jumla, Mama?"

"Kumi na tano zangu za siku zote. Ishirini na nne nilinunua kwa Mandal, makreti mawili."

Hilo lilikuwa kweli. Dangol alikwisha kwenda kwa Mandal, muuza chakavu wa kutoka bondeni, na kumbana saa nzima huku watu wakimzomea nje. Mandal alikula kiapo kwamba alimuuzia mama huyo kreti mbili kamili, zote chafu kama alivyozipokea. "Afande, mimi nauza uchafu," alisema. "Chupa ikiwa safi naogopa, najiuliza ilikuwa na nini." Dangol aliliona jibu hilo kuwa la ujanja, akaondoka bila kulifikiria tena. Sasa alilifikiria.

"Uliosha wewe ngapi?"

"Ishirini."

"Na Sarmila?"

"Kumi na tisa. Nilizihesabu, zilikuwa zimeziba ngazi yangu."

"Ishirini na kumi na tisa ni thelathini na tisa. Sisi tulichukua arobaini."

"Mmehesabu vibaya."

"Tulihesabu mara nne."

Kizee aliinama kwenye sufuria na kuanza kusugua chupa nyingine. Dangol alimpa ishara Sabina, naye akafungua sanduku na kutoa mfuko wa plastiki wenye namba kumi na saba. Aliunyanyua mbele ya jua, kando ya chupa sita zilizokuwa zikidondosha maji kwenye fremu. Akatazama hii na zile.

"Afande," alisema polepole, "hii haijavuliwa nguo."

Ilikuwa kweli. Zile sita zilikuwa tupu mwilini. Picha za jalada zilionyesha hivyohivyo, chupa thelathini na tisa uchi kabisa, zile za majivu na zile za poda. Namba kumi na saba ilikuwa bado na nusu ya karatasi ya kiwandani kifuani, kavu, haijawahi kulowa. Begani ilikuwa na doa jekundu la tika, unga unaopakwa kama baraka, na shingoni uzi mwekundu uliofifia. Siku ya karamu kila mtu alikuwa na tika, kila kitu kilikuwa na tika, na hakuna askari aliyejiuliza. Dangol naye hakujiuliza. Alikuwa ameishika chupa hii mara kumi na kusoma namba tu.

Maabara walitafuta majivu ndani yake wakakosa. Walitafuta poda nyeupe wakakosa. Wao wakaandika kwamba muuaji alikuwa mwangalifu. Lakini kama mama hakuiosha, na mkwe hakuiosha, basi hakuna aliyeiosha. Na katika nyumba ambamo wanawake wawili walikuwa wakishindana nani anajua zaidi kuosha, ni nani angeacha chupa ipite hivihivi?

"Mama," alisema, "kuna chupa ambayo haihitaji majivu?"

"Ambayo haijaguswa na mdomo wa mtu."

"Kwako hapa ipo?"

Macho yake yalipanda ukutani, yakapita dirisha la ghorofa ya pili, la tatu, yakafika kwenye kidirisha cha chini ya paa, kisha yakashuka upesi kwenye sufuria.

Siku ya msako askari wanne walipekua nyumba hii kuanzia ghala hadi ghorofa ya tatu. Ile ya nne, ya jiko na miungu, hawakupanda. Mama alisimama kwenye ngazi akatandaza mikono, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa wa jamii inayoruhusiwa kukanyaga kule. Dangol angeruhusiwa, alikuwa wa jamii ya mama huyo, baba zake walilima mashamba yaleyale. Lakini siku hiyo alikuwa uani akiandika majina ya wageni, aliona aibu kumsumbua mfiwa, na jioni akaandika katika ripoti: nyumba yote imepekuliwa. Aliandika hivyo kwa mkono wake.

"Nipandishe juu, Mama."

"Wewe sawa. Huyu binti abaki ngazini."

"Nitabaki, Bibi," alisema Sabina.

Ngazi ya mwisho ilikuwa nyembamba kama ya kuku. Chumba cha juu kilinuka moshi, mafuta ya haradali na mchele uliochacha. Pembeni, juu ya kibao cha mti, waliketi miungu wa nyumba, weusi kwa moshi wa taa ya miaka mingi. Kibao chenyewe kilikuwa na tabaka la masizi laini. Na katikati ya masizi, kati ya sanamu ya shaba na bakuli la wali wa sadaka, palikuwa na duara safi, la ukubwa wa kitako cha chupa.

Dangol alinyanyua mfuko wa namba kumi na saba aliopanda nao, akaushika juu ya duara bila kugusisha. Ulikaa sawasawa.

Angependa sana usikae sawasawa. Alijua tayari, na akatamani kushuka ngazi, kupanda pikipiki na kurudi kituoni kupeleka jalada saa kumi kama alivyoambiwa. Lakini kulikuwa na mwanamke kwenye benchi huko.

"Ilitoka wapi?" aliuliza.

"Kwa Ajima," alisema mama huyo, akimtaja mungu wa kike wa hekalu la mtaa. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayesimulia habari njema. Alijikalisha mkekani. "Mwezi wa kumi walipompaka Ajima wa mtaa wetu dhahabu. Wewe hukuwepo? Sanamu haitolewi hekaluni, kwa hiyo fundi alikuja na vitu vyake uani, akavua taji na mikono ya fedha, akavitumbukiza kwenye maji ya dhahabu. Mimi ndiye niliyekuwa nikifagia zamu ile. Kuhani alifanya ibada ya vyombo kabla kazi haijaanza, akapaka tika kila kitu, nyundo, beseni, chupa. Jioni fundi akaenda zake. Chupa moja ikabaki nyuma ya nguzo. Na tika yake, na uzi wake."

"Ilikuwa na kitu ndani?"

"Vidole viwili. Maji ya dhahabu ya Ajima, Inspekta! Ningeyamwaga? Niliileta nikaiweka hapa, wazi, mbele yao. Wakati wa baridi yakakauka yenyewe. Ikabaki dhahabu chini, nyeupenyeupe, kidogo njano. Nikasema, hii haitatiwa pombe ya mtu yeyote. Hii inamsubiri Hiralal."

"Hukutuambia."

"Hamkuniuliza. Mliniuliza nani alimimina, nikawaambia. Mliuliza nani ana ugomvi na nani, nikawaambia. Hakuna aliyeniuliza chupa ilikaa wapi." Alivuta pumzi. "Na vitu vya mungu haviandikwi polisi. Nilijua ile ndiyo chupa pekee katika nyumba hii isiyo na hatia. Ndiyo maana najua ni mkono wa Sarmila. Ilikuwa safi mpaka ilipofika kwake."

"Hukuiosha."

"Nioshe nini? Nimwoshe Ajima kwa majivu ya jikoni?"

Dangol alitoka nje, akasimama juu ya paa penye pilipili zilizoanikwa, akampigia fundi aliyeifanya kazi ile, Bhajuratna Shakya wa Patan. Alikuwa ameongea naye wiki iliyopita, pamoja na mafundi wengine tisa wanaotumia sumu ile. Wote walisema hawajapoteza kitu.

"Fundi, ni Dangol. Ulipofanya kazi ya Gachhen mwezi wa kumi, ulirudi na chupa ngapi?"

"Nilishakwambia, Inspekta, mimi sija..."

"Usinidanganye mara ya pili. Kuna mwanamke atashtakiwa saa kumi."

Fundi alipumua kwenye simu muda mrefu. "Nilikwenda na mbili," alisema. "Nikarudi na moja. Nilidhani mtu ameiona, ameimwaga. Mwezi ukapita, miwili, hakuna habari. Nikasema Ajima amenistiri."

"Kwa nini sumu uliitia kwenye chupa ya bia?"

"Tunatia sote, Inspekta. Chupa nyingine zinatoka wapi?"

Alipoingia ndani mama alikuwa bado mkekani, akipangusa kibao kwa ncha ya nguo, akikwepa lile duara ili lisifutike.

"Mtanirudishia lini?" aliuliza. "Sipendi ikae na polisi. Hamwoshi mikono."

"Mama, yale hayakuwa dhahabu."

"Fundi mwenyewe aliyaita hivyo."

"Humo dhahabu ni chembe. Kinachoishikilia kwenye maji ni sumu. Ndiyo sumu tuliyoikuta. Kuhani alipaka tika kazi ya mafundi, Mama. Yale maji hakuna aliyeyabariki." Miaka ishirini na nane alikuwa amewaambia watu habari za vifo, na hakuwahi kuona maneno yanakataa kutoka kama leo. "Hiralal aliuawa na ile chupa. Sarmila hakutia kitu."

Hakupiga kelele. Alikaa vilevile, ncha ya nguo mkononi. Chini ngazini Sabina alisikika akimzuia jirani mmoja asipande.

"Alisema ni chungu," alisema mama hatimaye.

Dangol alijua. Lilikuwa ndani ya maelezo ya Sarmila, ukurasa wa pili. Alikuwa amelipitia kama jambo dogo.

"Alionja akaniangalia, akasema, Mama, mbona leo chungu? Mbele ya watu. Nikamcheka. Nikamwambia, miaka sita ya jangwani imekuharibu ulimi, kunywa, umesahau ladha ya kwenu. Watu wakacheka. Akanywa yote, akanipindulia bakuli nione limekwisha." Aliinua mkono akaonyesha bakuli lilivyokuwa, kifudifudi. Mkono ukabaki hewani. "Kama ningeiosha?"

Angeweza kumwambia haijulikani. Angeweza kusema sumu ile haitoki kwa chochote. Ungekuwa uongo wa huruma, na hakuna hakimu angemwuliza. Lakini mtu huyu alikuwa anajua kuosha chupa kuliko maabara nzima, angeutambua uongo kama alivyoutambua uchafu kwa sikio.

"Kama ungeiosha kama zile nyingine?"

"Kama zile nyingine."

"Angekuwa hai, Mama. Kuilowesha, majivu, na maji mara tatu. Vingetosha."

Alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayekubaliana na bei. "Hata poda yake ingetosha?"

"Hata poda."

Walishuka. Uani alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria, akatoa chupa ya mwisho iliyobaki majini, akaisugua kwa majivu, akaisuuza mara tatu na kuipanga na zile nyingine. Sabina alimtazama Dangol, akaona usoni pake kila kitu, akageukia kisima na kukaa hivyo kwa muda.

Dangol alifungua daftari la maelezo juu ya kinu cha mpunga. Alimweleza kwamba bila maelezo yake Sarmila hatatoka. Alimweleza pia kwamba sheria ina jina la kosa hata pale ambapo mtu hakukusudia, na kwamba hawezi kumwahidi lolote. Mama alisikiliza nusu tu.

"Andika," alisema. "Andika chupa arobaini. Ishirini niliosha mimi. Kumi na tisa aliosha mkwe wangu, vizuri. Moja sikuiosha."

"Niongeze kwa nini hukuiosha?"

"Hapana. Andika sikuiosha."

Sabina aliandika. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Palikuwa na muda wa kutosha kabisa kulisimamisha jalada.

"Atatoka leo?"

"Leo hii, Mama."

"Mwambie poda yake haikuwa na kosa." Akafikiri. "Atarudi hapa?"

Sarmila alikuwa amemwambia Dangol jana, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba akitoka atapita kwa kaka yake kumchukua mtoto, na mlango ule wa Gachhen hatauona tena hata kwa mazishi. Kizee alingoja jibu kidogo, kisha akaacha kungoja.

Hakujua kuandika jina lake, kwa hiyo Sabina alifungua kidau cha wino. Alimshika kidole gumba, akakipangusa majivu, akakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Kilitoka doa jeusi tupu. Akajaribu tena, kwa wino kidogo zaidi, akikiviringisha kama walivyofundishwa chuoni. Doa tena, laini, bila mstari hata mmoja. Miaka hamsini ya majivu na makapi ilikuwa imeifuta ile alama, kidole kikawa kitupu kama kioo cha chupa.

"Kuna nini?" aliuliza Nanichhori.

"Hakuna kitu, Bibi," alisema Sabina. "Nipe kingine."

Alimpa cha pili, na cha tatu, na mkono wa kushoto. Vyote kumi vilitoka hivyohivyo.